Meno matatu yaliyomeza karo ya watoto wangu

JUMAPILI moja mwezi wa Januari 2024, nilikuwa nikitoka Naivasha kurudi Nairobi pamoja na mama yangu mzazi. Tulikuwa tumelipita lile kanisa dogo la Mai Mahiu lililojengwa na mateka wa Italia mwaka wa 1942, tukaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Limuru. Anayeijua barabara hiyo anajua kwamba upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni korongo, na madereva wa malori hawana subira.

Nilikanyaga mafuta ili nilipite trela lililokuwa likijikokota mbele yetu. Injini ilinguruma, mshale wa mizunguko ukapanda, lakini gari halikuongeza mwendo. Nyuma yangu lori jingine lilipiga honi. Kwenye dashibodi iliwaka taa ya kuonya kwamba mafuta ya giaboksi yamepata joto kupita kiasi.

"Mwanangu, kuna kitu kinaungua?" mama akauliza kutoka kiti cha nyuma.

Kilikuwa kinaungua kweli. Nilifaulu kulisukuma gari hadi kando ya barabara, nikamtoa mama na kumketisha juu ya jiwe, mbali na lami. Moshi mwembamba ulitoka chini ya gari, wenye harufu kama ya breki zilizoshikana.

Kilichoniuma ni kwamba giaboksi hiyo haikuwa ile iliyokuja na gari. Nilikuwa nimeinunua na kuwekewa wiki tano tu kabla ya siku hiyo, kwa pesa zilizokuwa zimetengewa karo ya muhula wa kwanza. Na nilikuwa nimeambiwa kwamba ni bora kuliko ile ya awali.

Nimeamua kuisimulia safari hii kwa sababu barabara zetu zimejaa magari ya rika la gari langu, na kwa sababu kosa lililonigharimu fedha hizo zote lingeweza kugunduliwa na mtu mwenye kipande cha chaki katika muda wa dakika kumi.

GARI LENYEWE

Gari langu ni Subaru Forester la mwaka wa 1999, lenye injini ya lita mbili na tabo. Liliingia nchini kupitia bandari ya Mombasa mwaka wa 2006, likiwa bado ndani ya ile sheria yetu inayokataza kuingizwa kwa magari yaliyopitisha umri wa miaka minane.

Kwa Mkenya wa rika langu, Subaru si gari tu la kumfikisha mtu kazini. Tulikua tukisimama kando ya barabara za vumbi kutazama Safari Rally. Tulimwona Patrick Njiru, Mkenya mwenzetu, akishindana na wageni ndani ya Subaru. Tuliona Colin McRae akishinda mwaka wa 1997 na Richard Burns mwaka wa 2000, wote wawili wakiendesha Impreza. Mashindano hayo yalipoondolewa katika ratiba ya dunia baada ya 2002, mapenzi ya gari hilo hayakuondoka, na yaliporejea mwaka wa 2021 tulikuwa bado tunayo magari yale yale, ila yamezeeka.

Forester yenye tabo ina nguvu za farasi zaidi ya 200, na kwa gari la familia hizo ni nyingi. Injini yake ikitunzwa hudumu. Tatizo ni kwamba nyingi ya zile zilizoletwa kwetu ni za otomatiki, na otomatiki ya miaka hiyo ina gia nne pekee. Iliundwa kwa barabara za Japani, kwa dereva wa kwanza ambaye huenda alibadilisha mafuta kila ilipotakiwa. Sisi tulizipata zikiwa na umri wa miaka saba au minane, tukazipandisha milima na kuziingiza katika misongamano ya Nairobi, na wengi wetu hatukuwahi kubadilisha mafuta ya giaboksi hata mara moja.

Mimi nilikuwa miongoni mwao. Kufikia Novemba 2023, giaboksi ya kwanza ilikuwa inachelewa kushika gia kila asubuhi. Nikiweka gia ya kwenda mbele, nahesabu moja, mbili, tatu, ndipo gari lishtuke na kuondoka. Kuingia gia ya tatu kulikuwa kwa kuteleza.

"HII INA NGUVU ZAIDI"

Nililipeleka gari katika gereji moja jijini. Fundi alichomoa kijiti cha kupimia mafuta, akanusa, akatikisa kichwa. Mafuta yalikuwa meusi. Akaniambia kutengeneza giaboksi ya zamani ni kupoteza muda, na kwamba anajua duka lenye giaboksi zilizotoka Japani juzi tu.

Dukani nilionyeshwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Forester kama yangu. Ya pili ilitoka kwenye Subaru nyingine ya tabo, ya miaka ya mbele kidogo, na ilikuwa safi hata ukadhani imetoka kiwandani asubuhi hiyo.

"Mkubwa, chukua hii," muuzaji akanishauri. "Ni ya gari jipya kuliko lako. Ina nguvu zaidi, na pia ina spidi."

Naungama kwamba neno spidi lilinipofusha. Nilijiona nikiboresha gari badala ya kulitengeneza tu. Nilitoa Sh65,000, fundi akadai Sh15,000 za kazi, na mafuta yakanila Sh8,000. Risiti iliandikwa maneno mawili tu: "Giaboksi Subaru."

Siku za kwanza nilijipongeza. Gia ziliingia laini. Nikiwa kwenye barabara ya Thika, injini ilitulia kuliko zamani kwa mwendo ule ule, jambo nililolichukua kuwa ndiyo ile spidi niliyoahidiwa. Nilimsifia mama watoto, naye akanitazama tu, maana alijua pesa zilikotoka.

Wiki ya pili, nilianza kuhisi mtetemo nilipokanyaga mafuta kwa nguvu. Nikikata kona ya kuegesha, gari lilijivuta kama lililofungwa breki ya mkono. Fundi akasema ni plagi. Tukabadilisha plagi. Kisha akasema ni mipira inayoshikilia injini. Tukabadilisha mipira. Kisha Januari ikafika, nami nikampeleka mama Naivasha kumwona dadake.

MZEE NA CHAKI YAKE

Gari lilivutwa kutoka pale mlimani hadi Kariobangi, ambako jirani yangu alinielekeza kwa mzee mmoja ambaye kazi yake ni giaboksi za otomatiki na hakuna kingine. Gereji yake ni ndogo. Ukutani hakuna picha ila rafu iliyopangwa makopo ya rangi, kila kopo likiwa na bolti na jina la gari lililoandikwa kwa mkono.

Hakufungua boneti kwanza. Aliketi kwenye kigoda akaniuliza maswali.

"Giaboksi hii ulibadilishiwa lini, kijana wangu?"

"Mwezi uliopita, mzee."

"Na difu ya nyuma?"

"Difu ya nyuma ni ile ile iliyokuja na gari."

"Basi tuanzie huko," akasema, akainuka.

Giaboksi ilikuwa imepoa na gari liliweza kusogea kidogo. Mzee alilizungusha uani akiwa amekunja usukani hadi mwisho. Lilijikwamua kwa mishtuko, matairi yakilalama juu ya saruji. Akasimama, akatoa fyuzi moja mfukoni na kuichomeka kwenye kisanduku kidogo kilicho katika chumba cha injini. Kisanduku hicho kiliwekwa na kiwanda kwa kazi maalumu: fyuzi ikiingia, kompyuta ya giaboksi huamriwa kuyaachia magurudumu ya nyuma, na gari likabaki kuvutwa na ya mbele pekee. Alizunguka tena. Safari hii gari lilipinda kwa ulaini.

"Hapa mbele na nyuma zinagombana," akasema.

Aliinua sehemu ya nyuma kwa jeki na kuweka vigingi. Akachora alama ya chaki kwenye gurudumu, nyingine kwenye propela inayopeleka nguvu nyuma. Akamwambia mwanagenzi wake ashike gurudumu la kushoto, mimi nikashika la kulia, tukayazungusha pamoja polepole, huku yeye amelala chini akihesabu mizunguko ya propela. Tulipomaliza mizunguko tisa ya magurudumu, propela ilikuwa imezunguka mara 40 kamili.

Arubaini gawa kwa tisa ni 4.444. Hiyo ndiyo hesabu ya difu ya nyuma ya gari langu.

Kesho yake aliishusha giaboksi na kuifungua mbele yangu. Krauni ya difu ya mbele, ambayo katika Subaru imo ndani ya giaboksi yenyewe, tuliihesabu meno pamoja, mara mbili ili tusikosee. Yalikuwa 37. Pinioni yake ilikuwa na meno tisa. Thelathini na saba gawa kwa tisa ni 4.111.

Tofauti ilikuwa meno matatu.

KWA NINI MENO MATATU YAUE GIABOKSI

Msomaji asiyekuwa fundi huenda akauliza: meno matatu ni kitu gani? Hata mimi niliuliza hivyo hivyo, na mzee alinieleza kwa njia ambayo sijaisahau.

Ndani ya giaboksi ya otomatiki hakuna klachi moja kama ile ya gari la kukanyaga pedali. Kuna vifurushi kadhaa vya sahani nyembamba, sahani ya chuma ikifuatwa na sahani iliyobandikwa kitu kinachofanana na karatasi ngumu. Mafuta yakisukumwa kwa presha huzibana sahani hizo, na gia ikashika. Mafuta hayo hayo ndiyo yanayopitisha nguvu ya injini ndani ya konvata, ndiyo yanayolainisha, na ndiyo yanayobeba joto kwenda kupozwa kwenye redieta. Ndiyo maana mafuta yakiungua, kila kitu huungua.

Katika Subaru ya aina yangu, kuna kifurushi kingine cha sahani mkiani mwa giaboksi. Hicho kazi yake ni kuamua magurudumu ya nyuma yapate nguvu kiasi gani. Barabara ikiwa kavu na mwendo wa taratibu, hubanwa kidogo. Ukikanyaga mafuta au magurudumu ya mbele yakiteleza matopeni, kompyuta hukibana zaidi. Ukikata kona, hulegezwa, kwa kuwa magurudumu ya mbele na ya nyuma hayapiti njia moja.

Kifurushi hicho kinaweza kuvumilia tofauti ndogo ya mizunguko kwa muda mfupi. Hakikuundwa kuteleza mchana kutwa.

Sasa tazama hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gurudumu la gari langu huzunguka karibu mara 800 kwa dakika, na lami huyalazimisha magurudumu yote manne kwenda sawa. Mbele, kila mzunguko wa gurudumu ulidai mizunguko 4.111 kutoka kwa giaboksi. Nyuma, ulidai 4.444. Ukizidisha, utaona kwamba sahani za upande mmoja wa kile kifurushi zilikuwa zikiwapita wenzao kwa zaidi ya mizunguko 250 kila dakika, huku kompyuta ikizibana kwa nguvu zote nilipokanyaga mafuta.

Mzee alizitandaza sahani hizo juu ya gazeti. Karatasi yote ilikuwa imekwisha, zimebaki chuma. Sahani za chuma zilikuwa zimegeuka rangi ya buluu kwa joto. Unga mweusi uliotokana nazo ulikuwa umesambazwa na mafuta katika kila tundu la bodi ya valvu, ukapunguza presha ya gia zote. Ndiyo sababu kule Mai Mahiu injini ilinguruma na gari lisiende.

"Ungekuja wiki ile ya kwanza," mzee akaniambia, "tungebadilisha difu ya nyuma tu, tutie ya 4.111 ilingane na giaboksi. Kazi ya nusu siku."

Sikumjibu. Nilikuwa nikifikiria pesa za plagi.

NJIA TATU MBELE YANGU

Wakati huo shule zilikuwa zimeshafunguliwa, na mwanangu wa kwanza alikuwa bado nyumbani. Nilimwendea mwalimu mkuu, nikaeleza, akanikubalia kulipa kwa awamu. Mama watoto alichukua mkopo katika chama chake. Alinipa sharti moja: safari hii nisinunue kitu chochote kabla ya mzee kukiona.

Mzee aliniwekea njia tatu mezani.

Ya kwanza ilikuwa kuachana na otomatiki na kuweka giaboksi ya kukanyaga klachi. Vijana wengi wanaopenda mbio hufanya hivyo. Lakini orodha ya vitu ni ndefu: pedali, pampu ya klachi, flaiwili, propela yake, kishikilio cha chini, na kazi ya waya ili kompyuta ya injini isichanganyikiwe kwa kukosa kompyuta ya gia. Tena gari hilo huendeshwa na mama watoto katika msongamano wa asubuhi. Nikaiacha.

Ya pili ilikuwa kuweka otomatiki ya Subaru yenye difu ya katikati, ile ambayo kwa kawaida hugawa nguvu asilimia 45 mbele na 55 nyuma. Hiyo ni bora kweli kweli kwa mwendo wa kasi, na ndiyo iliyowekwa katika baadhi ya magari ya tabo ya mbio.

"Hiyo ni nzuri," mzee akasema, "lakini uinunue na kompyuta yake, waya zake na difu yake ya nyuma, vyote kutoka gari moja. Ukikosa kimoja, acha."

Tuliuliza. Tuliipata giaboksi, hatukuipata kompyuta yake. Tukaacha.

Ya tatu ilikuwa kutafuta giaboksi yenye alama zile zile za awali, kisha kuondoa udhaifu wake mkuu, yaani joto. Hii ndiyo tuliyoifuata. Mzee aliitoa alama hiyo kwenye kibati kilichomo katika chumba cha injini ya gari langu, akailinganisha na ile iliyokuwa kwenye giaboksi ya kwanza, ambayo kwa bahati nilikuwa sijaiuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Akaniandikia kwenye karatasi, nami nikazunguka nayo siku tatu katika maduka ya barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan.

Siku ya tatu niliipata. Haikuwa na sura nzuri. Ilikuwa na vumbi na mafuta yaliyoganda. Alama zilikuwa zile zile, herufi kwa herufi. Bei ilikuwa Sh58,000, na safari hii niliomba alama hizo ziandikwe kwenye risiti, pamoja na idhini ya kuirudisha katika siku 14. Muuzaji alinung'unika, kisha akaandika.

KAZI YENYEWE

Kabla ya kuiweka, mzee aliifungua sehemu ya mkia na kukagua sahani. Zilikuwa na unene wa kutosha. Alibadilisha sili ya konvata, sili mbili za shafti za mbele na chujio la mafuta, ambalo katika giaboksi hii liko nje na hufanana na la oili ya injini.

Kisha akafanya jambo ambalo gereji ya kwanza haikulifanya. Alifungua mabomba yanayopeleka mafuta ya giaboksi kwenye redieta, akayasafisha na kuyapuliza kwa hewa kutoka pande zote mbili. Kilichotoka kilikuwa tope jeusi lenye kung'aa kwa vumbi la chuma. Tope hilo lilitoka kwenye giaboksi iliyokufa, na lingebaki humo lingeingia katika giaboksi mpya siku ya kwanza.

Hakuishia hapo. Aliongeza kipozeo kingine kidogo mbele ya redieta, mahali penye upepo, ili mafuta yakitoka kwenye redieta yapite hapo kabla ya kurudi. Kilinigharimu Sh9,000 pamoja na mabomba. Aliweka pia kipimo cha joto la mafuta hayo karibu na usukani, kwa sababu ile taa ya kiwandani huwaka wakati maji yameshazidi unga.

Nilijifunza pia kuhusu konvata. Ni lile dude la mviringo linalokaa kati ya injini na giaboksi. Mzee aliliingiza polepole huku akilizungusha, hadi lilipodidimia mara ya mwisho na kukaa barabara. "Wengi husikia mara moja wakadhani imekwisha," akasema. "Halafu wakikaza bolti za giaboksi, pampu ya mafuta inavunjika hapo hapo hata kabla ya injini kuwashwa." Ndipo wakainua giaboksi, watu wawili na jeki, na bolti nne zinazoshikanisha konvata na injini zikakazwa moja moja kupitia tundu dogo lililo juu.

Mafuta yaliingia lita tisa na ushei. Difu ya mbele ilitiwa yake, lita moja na kidogo, kwa kuwa ina mafuta tofauti na kijiti chake cha kupimia. Hapa mzee aliniasa. Gari hili lina vijiti vitatu: cha oili ya injini, cha giaboksi na cha difu ya mbele. Amepokea zaidi ya gari moja ambalo dereva alipeleka kufanyiwa huduma ya kawaida, kijana akafungua mfuniko wa giaboksi akidhani ni wa injini, kisha akajaza injini oili mara mbili na kuiacha giaboksi tupu.

Kiasi cha mafuta kilipimwa gari likiwa limepata moto, injini ikinguruma, baada ya kupitisha mkono wa gia katika nafasi zote. Mzee alitumia siku mbili na nusu na kudai Sh20,000. Sikuomba apunguze.

KURUDI MLIMANI

Mwezi wa Machi nilimpeleka tena mama Naivasha. Tulipokuwa tukirudi, alinyamaza kuanzia Mai Mahiu, akakishika kishikio cha mlango kwa mkono wa kulia. Nilikuwa natazama barabara kwa jicho moja na kipimo cha joto kwa jicho la pili. Tulilikuta lori la saruji pale pale, karibu na lile jiwe. Nilingoja nafasi, nikakanyaga. Gari lilishuka gia moja, likashika, likaondoka. Kipimo hakikufika nyuzi 100.

"Hili ndilo lile gari?" mama akauliza tulipofika juu.

"Ndilo, mama."

"Basi mshukuru huyo mzee."

Nimejumlisha gharama zote. Giaboksi ya "kuboresha", kazi yake, mafuta, plagi, mipira na gari la kuvuta zilipita Sh110,000, na hakuna nilichobakia nacho ila vyuma vilivyonunuliwa kwa kilo. Nilirudi kwa muuzaji wa kwanza. Alinisikiliza kwa upole, kisha akasema: "Mkubwa, uliomba giaboksi, nami nilikuuzia giaboksi nzima. Hukuniuliza kuhusu difu." Nilipotazama risiti yangu yenye maneno mawili, sikuwa na la kujibu.

Kwa hivyo, kwa mwenzangu mwenye gari kuukuu lenye nguvu, awe na Subaru au gari jingine lolote la otomatiki linaloendeshwa na magurudumu manne, nina machache ya kumwambia.

Usinunue giaboksi kwa usafi wake wala kwa upya wa gari lililoibeba. Nunua kwa alama, na alama hizo ziandikwe kwenye risiti. Kama hazilingani, fundi akuonyeshe hesabu ya difu ya mbele na ya nyuma kabla bolti moja haijafunguliwa. Mwambie asafishe mabomba ya kupozea. Ukihisi gari linajivuta kwenye kona baada ya kubadilisha giaboksi, liegeshe siku hiyo hiyo.

Na tukiwa hapo, tazama matairi yako. Matairi mawili mapya mbele na mawili yaliyokwisha nyuma, au ya vipimo tofauti, huifanya ile klachi ya mkiani iteleze kwa njia hiyo hiyo, ila polepole zaidi. Anayenunua matairi mawili ili aokoe pesa huenda anaikopa giaboksi yake.

Siku niliyochukua gari, mzee alinipa daftari dogo la shule, lile la kurasa 32. Ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika alama za giaboksi, hesabu ya 4.444, tarehe, kilomita zilizosomeka, na aina ya mafuta aliyotia. Chini yake akaacha nafasi.

"Kila utakapoguswa chini ya gari hili, andika," akaniambia.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nimelisikia neno hilo tangu utotoni na kudhani linawahusu wenye maduka. Daftari lile sasa limo ndani ya dashibodi. Kufikia leo, nimeshajaza kurasa nne.